Mtazamo wa Kitandani

Dirisha la nne lilikuwa limegeuka.

Yale mengine matatu yalikuwa kama alivyoyaacha. La kwanza lilionyesha nyumba kutoka juu, paa limeondolewa, vyumba viko wazi kama droo zilizovutwa. La pili lilionyesha nyumba kwa mbele, la tatu kwa ubavu. Ndivyo wafanyavyo kazi watu wa fani yake: skrini moja ya kompyuta huikata madirisha manne, na kila dirisha hutazama kitu kilekile kwa upande wake, ili jambo likijificha huku lionekane kule. Dirisha la nne mtu hulitumia apendavyo. Yeye aliuhifadhi humo mtazamo mmoja, akaupa jina la Kitandani, kwa sababu kamera yake ilikaa pale penye mto wa mumewe, kimo cha kichwa cha mtu aliyelala, ikitazama mlango wa chumba. Mtazamo ukishaupa jina na kuuhifadhi hautangitangi. Ukiuita unakuja ulivyo, hata baada ya mwaka.

Siku hiyo alitoka jikoni na kikombe cha chai, akakaa, akaona kwamba Kitandani hautazami tena mlango. Kamera ilikuwa imesimama mlangoni, inatazama kitanda.

"Nimegusa kipanya," alijiambia kwa sauti. Mtu anayeishi peke yake asipojisemesha, kinywa huota kutu. Akabonyeza lile jina, mtazamo ukarudi mahali pake, akanywa chai yake. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, majirani wote wako kazini, na mtaani hapakuwa na sauti isipokuwa bomba la mtu likidondoka. Watu huogopa giza, wakasahau kwamba mtaa mtupu saa ya jua kali nao una wenyewe.

Kazini walimwita Mama Upepo. Alikuwa mhandisi wa hewa. Iwe wadi ya hospitali, ukumbi au kiwanda cha nguo, yeye ndiye aliyejua hewa itaingilia wapi na itatokea wapi kabla fundi hajaweka tofali la kwanza. Alilijenga jengo ndani ya kompyuta, akalifungulia hewa, na hewa ikachora mistari ya rangi, bluu inapokwenda polepole, nyekundu inapokwenda mbio, mpaka ukaiona hewa kama unavyoona maji ya mfereji.

Mumewe walimwita Refa, kwa kuwa alikuwa refa. Alikuwa mfupi wa kuchekesha, kichwa chake kinamfika mkewe sikioni, lakini akipuliza filimbi wachezaji wenye vifua vya kubeba magunia walikuwa wanainama kusikiliza wanavyogombezwa. Mikono yake ilikuwa kiunoni saa zote, hata akisubiri chai. Kisha mapafu yakamgeuka. Daktari akasema mgonjwa anahitaji hewa, na watu wakasema ahaa, mgonjwa wa hewa kaoa mhandisi wa hewa, bahati iliyoje! Mkewe akaipima nyumba yao kwa futi, chumba kwa chumba, akaijenga yote kwenye kompyuta: vitanda, makabati, meza, hata stuli ya jikoni. Juu ya kitanda akalaza mwili wa kuigiza, usio na sura, kichwa na kifua na miguu tu, unaotoa joto kama mtu. Akawa anafungulia hewa, anatazama mistari, anakwenda chumbani kusogeza kitanda, anarudi kutazama tena.

"Mke wangu," Refa alimwambia siku moja, akihema katikati ya maneno, "kitanda hiki... kimesafiri kuliko mimi."

Siku aliyokufa, Refa alikuwa chumbani, na mkewe sebuleni mbele ya kompyuta. Alimwita. Hakuita kwa nguvu, nguvu zilikuwa zimekwisha. Naye akamjibu bila kugeuza kichwa, "Subiri kidogo, hesabu inakaribia kwisha." Hesabu ikaisha. Ikaonyesha kwamba kitanda sasa kimekaa mahali pazuri kuliko pote. Akainuka akaenda kumwambia.

Baada ya msiba dada yake mkubwa alimchukua mtoto wao, msichana wa darasa la pili. "Nakaa naye mpaka shule zifungwe," alisema. "Wewe pumzika, lia, lala. Lakini nisikilize vizuri. Nikimleta nikakukuta bado unaongea na hiyo kompyuta, ninageuza naye palepale mlangoni. Mtoto ameshapoteza baba, hawezi kupoteza na mama akiwa hai."

Mama Upepo akakubali, na alikubali kwa dhati, kwa sababu katika dunia hii alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kinalala kwa dada yake. Lakini ile nyumba ya kwenye kompyuta hakuifuta. Alichofanya ni kuuficha ule mwili wa kitandani usionekane, maana hakuweza kuutazama wala kuufuta. Kisha kila akirudi mchana kutoka kazini anaifungua nyumba yote, anaipanga katika madirisha yake manne, anaifungulia hewa na kukaa anaitazama. Humo vyombo vilikuwa bado mahali pake. Humo hakuna aliyekuwa amekuja kumpa pole.

Mtazamo wa Kitandani uligeuka tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Akiurudisha unakaa. Akienda jikoni, akirudi, kamera iko mlangoni.

Halafu akaiona mistari.

Hewa iliyoingia kwa dirisha la chumba cha kulala ilipaswa kukatiza moja kwa moja mpaka mlangoni na kutoka. Aliijua njia hiyo kama njia ya kwenda kazini. Sasa ilikuwa inafika karibu na mlango, inapasuka pande mbili, inazunguka pasipo na kitu, kisha inaungana tena kwa nyuma, kama umati unavyompita mtu aliyesimama katikati ya barabara.

Jumamosi alibeba kompyuta mpaka ofisini. Wafanyakazi walikuwa wameondoka mapema, amebaki mchora ramani peke yake, kijana mwembamba mwenye utani mwingi ambaye wote walimwita Kaka Rula. Kaka Rula alitazama skrini akacheka.

"Dada, hapa umeficha kitu hukukifuta. Kuficha si kufuta. Ukificha, macho hayaoni, lakini hesabu inaona."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi kionyeshe."

Akabonyeza. Ule mwili ukatokea, umelala kitandani kama alivyoulaza, na mistari ya hewa ikiupanda na kuushuka kifuani vizuri kabisa. Mlangoni bado palikuwa patupu, na bado hewa ilikuwa inapazunguka.

Kaka Rula aliacha kucheka. Akavuta kiti. Aliunganisha madirisha yote manne ili akizungusha moja mengine yafuate, akazungusha nyumba taratibu. Kwa juu, pengo lile lilikuwa duara. Kwa mbele lilikuwa jembamba chini, pana kidogo pale mabegani, kisha jembamba tena. Akachukua kipimo cha programu, akakiweka sakafuni, akakivuta juu, kikavuka kizingiti cha mlango, kikaenda mpaka darini. Huko juu pengo lilikuwa limepinda mbele.

"Limeinama," alinong'ona. "Dari imelibana, ndiyo maana limeinama. Dada, samahani kukuuliza. Marehemu..."

"Kaka, wewe si ulimjua? Alikuwa ananifika hapa." Akagusa sikio lake.

"Basi huyu si yeye."

Feni ya darini ilikuwa inazunguka polepole juu yao. Kaka Rula akafunga kompyuta kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayefunga mlango wa chumba ambamo mtu amelala. "Ifute hii nyumba, dada. Leo leo. Usile kwanza, ifute."

Akasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo ya mtu aliyeambiwa na daktari aache sukari.

Alikuwa mpweke, tuseme hivyo bila kuzungukazunguka. Upweke wake haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kununua mkate mzima na kuutupa nusu umeota ukungu, wa kusikia lango la jirani likigongwa na kujitengeneza kanga kiunoni bure. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna kitu kimesimama mlangoni pa chumba chake, ataogopa, ndiyo. Lakini ataogopa akiwa na mtu.

Jioni hiyo alikaa mbele ya kompyuta, akakitazama kile kirefu kilichoinama, akakiambia kwa sauti ndogo, "Wewe siye. Yeye alikuwa mfupi."

Siku iliyofuata pengo lilikuwa limeshuka. Lilipita mlangoni bila kuinama.

Kinywa chake hakikusimama. "Mfupi zaidi," alisema. "Ananifika sikioni." Na likashuka. "Alikuwa anasimama na mikono kiunoni, hivi." Kesho yake mistari miwili myembamba ya bluu ilikuwa inapenya katikati ya lile pengo, mmoja kulia na mmoja kushoto, pale ambapo hewa hupita kati ya kiwiko na mbavu za mtu aliyeshika kiuno. Mama Upepo aliweka kiganja kwenye skrini akalia mpaka kamasi zikamtoka.

Baada ya hapo akawa anakisalimia akirudi. Kilianza na harufu, ile dawa ya kupaka kifuani iliyokuwa inakaa kando ya mto, ambayo chupa yake alikuwa ameitupa mwenyewe. Kisha sauti. Kompyuta ikifanya hesabu nzito feni yake huvuma, hilo si jambo, lakini feni hii sasa ilivuma kwa kuvuta, ikakwama, ikavuta tena, ikaachia kwa mluzi mdogo mwishoni, na hakuna mtu hai mwingine aliyekuwa anaujua mluzi ule. Angepaswa kukimbia. Badala yake alisogeza kiti karibu. Kila alichokuwa hajamwambia Refa siku za mwisho, akakisema hapo, na kila alichokisema kilisikilizwa.

Siku moja, katika maneno ya kawaida, akasema, "Shule zimefungwa. Mtoto anakuja Jumamosi."

Feni ikanyamaza katikati ya pumzi.

Alasiri ya kesho yake alipofungua, mlangoni pa chumba hapakuwa na kitu. Hewa ilipita moja kwa moja ikatoka. Moyo ulimshuka, na aibu ikamjia kwa kuwa ulishuka kwa huzuni. Akatafuta kwa mbele, akatafuta kwa ubavu. Akaliona katika dirisha la kwanza, lile la kutoka juu: pengo lilikuwa katika chumba kingine, chumba cha mtoto, kando ya kitanda kidogo. Halikusimama tena na mikono kiunoni. Lilikuwa refu upya, refu kama lilivyokuja, limejikunja kutoka darini na kuinama juu ya mto, kama mtu anayesubiri mwingine aamke.

"Sikukwambia ufanye hivyo," alinong'ona. "Huko hapana. Sikia, huko hapana."

Alikuwa mhandisi, na mhandisi kitu akikiona kwenye skrini hukitafuta ukutani. Watu wa hewa wakitaka kujua kama hesabu yao ni ya kweli hutumia moshi. Akachukua dawa ya mbu, ile ya mviringo ya kuwasha, akaiwasha mchana kweupe, akaingia nayo chumba cha mtoto, na kwanza moshi ulipanda wima, uzi mweupe mwembamba usiotikisika, akaanza kujicheka, akapiga hatua moja kuelekea kitandani, na uzi ule ukapinda kidogo, akapiga hatua nyingine, ukapinda zaidi, ukawa unatambaa hewani kwa upana kama unapapasa kitu, ukapanda pale palipokuwa na kiuno na mgongo, ukafika karibu na dari ukateremka tena mbele, ukifuata shingo ndefu iliyoinama, mpaka ukafika juu ya mto na hapo ukasimama, ukajikusanya, na kisha, katika chumba kisicho na upepo, dirisha limefungwa, pazia limetulia, yeye mwenyewe amebana pumzi mpaka masikio yanamvuma, moshi ukavutwa ndani kwa mkupuo mmoja, ukakwama, ukavutwa tena, ukaachiwa usoni pake kwa mluzi mdogo.

Hakumbuki alivyotoka. Alijikuta barabarani peku, dawa ya mbu ingali mkononi, anampigia simu Kaka Rula.

Kaka Rula alikuja asubuhi ya Ijumaa na mama yake mdogo, mganga wa majini. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, aliyevua viatu akilalamikia magoti yake na kuomba kiti kabla ya salamu kwisha. Hakunusa hewa wala hakutikisa kichwa. Aliomba aonyeshwe.

Mama Upepo alimwonyesha nyumba, madirisha, mistari. Mganga alitazama muda mrefu akipangusa miwani.

"Hii nyumba nani kaijenga?"

"Mimi, mama."

"Anaishi nani humo?"

"Hakuna. Ni ya kwenye kompyuta tu."

"Sikukuuliza iko wapi." Mganga akavaa miwani. "Mwanangu, wewe umesoma, lakini hili hata asiyesoma analijua: nyumba ikikaa tupu inapata mwenyewe. Wewe umejenga nyumba nzuri, yenye vitanda, yenye hewa safi kuliko ya mtu yeyote mtaa huu, hukumweka mtu. Kisha kila siku unakwenda unapiga hodi. Ungekuwa wewe ni jini unatafuta pa kukaa, ungepita?"

Kaka Rula alitaka kucheka, akatazama skrini, akaghairi.

"Akawa anapenya huku taratibu," mganga aliendelea, sauti imeshuka. "Kwako amepata salamu, amepata umbo, sasa anataka mtu. Mtoto anakuja lini?"

"Kesho."

"Basi ni leo. Mimi nitakaa nje nisome ninayoyajua, lakini nyumba haibomolewi na mpita njia. Aliyeijenga ndiye aivunje, kwa mkono wake, peke yake. Na sharti ni moja. Usimuage. Utasikia mambo, utaona mambo, usimuage. Anayeagwa ni mtu wa nyumbani. Ukimuaga, umemhesabu kuwa wa kwenu, na wa kwenu mimi siwezi kumtoa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Wakatoka. Akabaki sebuleni na mlango umerudishwa, na sauti ya mganga ikiingia chini yake kama nyuki walio mbali. Harufu ya dawa ya kifua ilikuwa nzito mpaka macho yanawasha. Akachagua kila kitu kwa pamoja, kuta, milango, makabati, stuli ya jikoni, akafuta. Nyumba ikaondoka katika madirisha yote manne. Akafumba macho kwa shukrani, akayafumbua.

Mistari ilikuwa bado inapita, katika weusi mtupu usio na ukuta, na bado ilikuwa inapinda.

Na hapo akakumbuka kosa ambalo amewagombeza nalo vijana wa ofisini miaka yote: ukichagua vyote ukafuta, programu hufuta vinavyoonekana tu. Mwili ulikuwa umefichwa tena, kwa mkono wake mwenyewe, siku ileile aliyorudi na kompyuta kutoka kwa Kaka Rula, na kilichofichwa hakikuguswa. Ili aufute ilimlazimu auonyeshe. Akabonyeza, na mwili ukatokea peke yake, umelala hewani bila kitanda, bila chumba, hauna sura, na kando yake, pale ambapo mtu angeweka kiti, hewa ilikuwa inalizunguka pengo fupi lililoketi, kichwa limekisogeza karibu na kifua kile, mkono mmoja limeunyoosha juu yake, likimuuguza, likifanya taratibu na bila haraka kile ambacho yeye, mke, siku ile, kwa sababu ya hesabu iliyokaribia kwisha, hakukifanya, na feni ya kompyuta ikavuta, ikakwama, ikavuta, na safari hii haikuachia, ikabaki imeishika pumzi ile kama anayesubiri kuitikiwa.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nje mganga alipandisha sauti. Mama Upepo aliuma midomo, na angeweza, nawaambieni angeweza kabisa, kama kitu kile kingempigia kelele au kumtolea meno. Lakini hakikumtisha. Kilimsubiri tu.

"Kwaheri, mume wangu," alisema. "Nisamehe. Kwaheri."

Akabonyeza. Pumzi ikaachiwa, ndefu, yenye mluzi mwishoni, na madirisha yote manne yakawa meusi.

Mganga aliingia, akapita chumba hadi chumba akinusa kwa mara ya kwanza. Harufu haikuwapo. Aliwasha dawa ya mbu chumba cha mtoto, na moshi ukapanda wima mpaka darini.

"Hukumuaga?" aliuliza.

"Sikumuaga, mama."

Mganga alimtazama kwa muda uliozidi kidogo, kisha akaomba viatu vyake.

Jumamosi dada yake alileta mtoto. Alipita ndani kama askari wa forodha, akafungua hata makabati, akaikuta kompyuta imefungwa na kufunikwa kitambaa, akaridhika. "Sasa hapa pana mtu," alisema, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu, akaondoka kabla ya machozi kumkuta. Mtoto alikimbia nyumba nzima akigusa vitu vyake, akauliza nani kakisogeza kitanda chake, akaambiwa hakuna aliyekisogeza. Alikuwa amerefuka. Alikuwa ameng'oka jino. Mama Upepo alipika akiimba, kitu ambacho jiko lile lilikuwa limeshasahau.

Walikaa mezani wawili, mama huku na mtoto kule, jua la mchana limejaa sakafuni. Mtoto alikuwa anasimulia habari za kwa mama mkubwa, kuku wake na ukali wake, kijiko kinapanda na kushuka. Katikati ya sentensi, bila kunyamaza na bila kuinua macho, aliinuka kidogo, akavuta kiti chake pembeni, akakaa tena.

"Mbona umesogea?"

"Nimempisha."

"Umempisha nani?"

Mtoto alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Si huyu. Anasema ulimuaga vizuri, ila hukumwambia aende wapi."

Mama Upepo aliweka kijiko chini. Alilijua la kufanya: amshike mtoto mkono, atoke naye vilevile peku, asigeuke nyuma, afike kwa dada yake aseme yote, hata ule uongo aliomwambia mganga. Na pengine angelifanya, dakika ile ile ambayo hofu ingemfika. Lakini hofu ilichelewa. Kabla yake lilitangulia jambo jingine, dogo, la aibu, ambalo asingemwambia dada yake wala mtu yeyote aliye hai: aliwahesabu watu mezani kwake, akakuta ni watatu, na moyo wake ukafurahi.